Kauri Pete: Gamba Lake na Mwili Unaolijenga

(Hotuba kwa walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na wanavikundi vya wavuvi na wachokoaji wa pwani, Mikindani, Mtwara)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, mama zetu mnaoijua pwani hii kuliko kitabu chochote, na ninyi wanafunzi: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya maumbile ya konokono mdogo wa baharini, na waandaaji wakaniachia nafasi ya kumchagua konokono nimtakaye. Nimemchagua kauri mwenye pete ya manjano mgongoni, yule ambaye wengi wenu mnamwita simbi au kete. Sidhani kama yupo humu ukumbini ambaye hajawahi kumshika, awe amemwokota Msimbati maji yalipokupwa, au amemwona ameshonwa kwenye mkanda, ushangani, ama katika kapu la mganga. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba gamba lake limekwenda kinyume na desturi karibu zote za magamba ya konokono, na mtu hawezi kueleza limefikaje hapo bila kuutazama mwili wa ndani. Hoja yangu ya leo ni hiyo moja. Kila alama iliyopo juu ya gamba la kauri imewekwa na nyama fulani iliyokuwa hai, katika kipindi fulani cha maisha yake, na anayeijua nyama hiyo anaweza kuchukua gamba tupu mkononi na kusema kama mwenyewe alikuwa mchanga au mpevu, na mara nyingi hata kama alikufa kwa wakati wake au alitolewa baharini akiwa mzima.

Jina lake la kitaalamu ni Monetaria annulus. Alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1758 na Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye alimpa jina la Cypraea annulus, na vitabu vya zamani vilivyomo katika maktaba zetu bado vinalitumia jina hilo. Anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya ndani ya bahari ya Pasifiki. Wengi wao wana urefu wa sentimita 2 hivi. Wapo wasiofikia hapo na wapo wanaokaribia sentimita 3. Hukaa katika maji madogo, kwenye miamba na vipande vya matumbawe, chini ya mawe na pembezoni mwa majani ya bahari, sehemu ambazo bamvua huziacha wazi kwa saa chache, kisha maji yakazirudia.

Naomba tuanze na gamba, na naomba magamba yale yaliyomo kwenye ungo yazungushwe, kila mmoja achukue moja. Lilaze kiganjani tumbo likiwa chini. Upande wa juu ni mgongo, umevimba na umelainika, na pete ya manjano inayokaribia rangi ya chungwa imeuzunguka. Ndani ya pete mna rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na nje yake gamba ni jeupe au la rangi ya maziwa yaliyochujuka. Sasa ligeuze. Tumbo ni bapa, na katikati yake umepita ufa mrefu mwembamba kutoka ncha moja hadi ya pili, wenye meno pande zote mbili, yapatayo kumi na kitu kila upande. Ufa huo ndio mdomo wa gamba. Ncha iliyosongeka kidogo ni ya mbele, ndiko kinakotokea kichwa. Ncha iliyo pana zaidi ni ya nyuma. Ukilishika gamba tumbo likiwa juu na ncha ya mbele ikielekea mbali nawe, mdomo wa nje wa gamba utakuwa kushoto kwako, na mdomo wa ndani kulia. Kwa kauri mwenyewe, anayetembea tumbo likiwa chini, mdomo huo wa nje uko upande wake wa kulia, kama ilivyo kwa konokono walio wengi duniani, ambao hujisokota kuelekea kulia.

Hapo ndipo mwanafunzi mmoja aliniuliza asubuhi, na swali lake lilikuwa zuri: msokoto wenyewe uko wapi? Tondo wa mikokoni ana mizunguko inayohesabika, na kilele chake kinaonekana waziwazi. Kauri amekuwa yai. Jibu liko ndani ya gamba hili nililolikata. Nimelisugua kwa tupa na msasa wa maji, kutoka ncha hadi ncha, mpaka nusu ikaisha. Tazameni upande wa nyuma: mizunguko midogo ya utotoni ipo pale pale, imejikunja kwenye mhimili wa katikati, na mzunguko wa mwisho, ambao ni mkubwa mno kuliko iliyotangulia, umepita juu yao wote na kuwafunika. Kwa hiyo msokoto haukupotea, umemezwa. Wale walio na simbi za kushonwa kwenye nguo wanaweza kuona sehemu ya jambo hili bila tupa, kwa kuwa mafundi huondoa mgongo wa gamba ili tumbo lilale bapa kwenye kitambaa. Ukichungulia kwa upande wa nyuma wa pambo hilo utauona mhimili, na rangi ya zambarau iliyojificha chini ya weupe wa nje.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo la maana kuliko yote niliyonayo leo, nalo ni namna gamba hili linavyokua.

Konokono wengi huongeza gamba ukingoni mwa mdomo tu. Ukingo wa nyama hutoa tabaka jipya, mdomo husogea mbele, mzunguko huongezeka, na kazi hiyo huweza kuendelea kwa muda mrefu wa maisha ya mnyama. Kauri huanza hivyo hivyo. Kauri mchanga ana gamba jembamba linalopitisha mwanga, lenye mdomo mpana, ukingo wa nje mkali usio na jino hata moja, na kilele kifupi kinachoonekana nyuma. Hana pete. Rangi yake ni ya kijivu yenye mikanda hafifu, na wachokoaji wengi humpita wakidhani ni konokono wa jamii nyingine kabisa. Kisha hufika wakati ambapo urefu unakoma. Ukingo ule mkali hukunjwa kwa ndani, unanenepa, na meno yanajengwa juu yake na juu ya mdomo wa pili unaoutazama. Mlango uliokuwa mpana unabaki ufa. Kuanzia siku hiyo gamba haliwezi kurefuka tena, kwa sababu kauri amejifungia njia ya kukua; kinachoongezeka tangu hapo ni unene, tabaka juu ya tabaka, kwa nje.

Matokeo yake ni kwamba urefu wa kauri hautuambii umri wake. Kauri mmoja huacha kurefuka akiwa na milimita 15, mwenzake wa jirani akaacha akiwa na milimita 25, na wote wawili ni wapevu kamili. Nimewahi kusikia pendekezo, likitolewa kwa nia njema, kwamba tuwe na kipimo cha urefu kwa magamba yanayookotwa, kama tunavyofanya kwa samaki na kamba. Kwa kauri kipimo hicho kitakuwa butu, na kitawaadhibu wasiostahili, maana mpevu mfupi atarudishwa na mchanga mrefu atachukuliwa. Kinachopaswa kutazamwa ni mdomo. Ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa nje na ukausikia mkali na mwembamba, huyo hajapevuka, na kwa kawaida hajapata kuzaa. Ukausikia mnene, umekunjwa, na una meno, huyo ameshafikia utu uzima. Uzito nao husaidia: kati ya wawili wa urefu mmoja, mzito ndiye kwa kawaida aliyeishi muda mrefu zaidi baada ya mdomo wake kufunga.

Gamba lenyewe limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo katika matumbawe na katika chokaa iliyojenga magofu ya Kilwa, ila hapa yamepangwa kama fuwele za aina iitwayo aragonaiti, na kati ya fuwele hizo kuna protini kidogo sana inayozishikanisha. Fuwele zimelala kwa vipande vyembamba mno, na kila tabaka limeupa mgongo mwelekeo wa lililo chini yake, kama ukili unavyopitana katika mkeka. Ufa ukianza katika tabaka moja hukutana na tabaka linalokwenda kinyume, hulazimika kukata kona, na nguvu yake huishia njiani. Ndiyo maana gamba dogo namna hii ukilikanyaga kwa kisigino kwenye mwamba, mara nyingi kisigino ndicho kinachoumia.

Lakini ni nani anayelijenga? Tuache gamba tupu, tumtazame mwenyewe.

Katika bakuli hili jeupe yupo kauri mmoja aliyetolewa leo alfajiri, na atarudishwa mahali pake maji yakipwa tena. Walioketi mbele watamwona vizuri. Wa nyuma mtasogea baadaye kwa zamu. Nilipomweka hapa alikuwa amejifunga, gamba tupu kwa macho. Ameachwa kivulini, na sasa tazameni ubavuni mwake: pande zote mbili za ufa imetoka ngozi laini, ya rangi ya majivu yenye weusi weusi, nayo inapanda. Inapanda kulia, inapanda kushoto, hadi inakaribia kukutana juu ya mgongo, na juu yake vimesimama vijinyama vidogo vyenye matawi. Ngozi hiyo nitaiita joho, kwa sababu mnyama hujifunika nayo. Nikigusa kwa ncha ya ujiti, tazameni, joho linateleza kurudi ndani ya ufa kwa pande zote mbili, na gamba linabaki linang'aa.

Joho ndilo fundi. Kila konokono analo, na kwa kila konokono ndilo linalotoa gamba. Tofauti ni kwamba kwa tondo na wenzake joho hubaki ndani na kufanya kazi ukingoni, ilhali kwa kauri mpevu hutoka nje na kufanya kazi juu ya gamba zima. Seli zake huchukua kalsiamu na kaboni iliyoyeyuka, huzipeleka kwenye majimaji yaliyopo kati ya ngozi na gamba, na hapo fuwele hujengwa juu ya utando wa protini. Pete ya manjano, weupe wa pembeni, mng'ao wa mgongo, vyote vimepakwa na joho kutoka nje. Mkwaruzo mdogo mgongoni hufunikwa kwa tabaka jipya. Na kwa kuwa nyama hiyo hupita juu ya gamba mara kwa mara, mwani, chokaa ya viumbe wengine na wadudu watobozi hawapati nafasi ya kushika. Mtazameni tondo: gamba lake limechakaa, limeota ukungu wa kijani, wakati mwingine limepandiwa na viumbe wengine. Kauri aliye hai hana uchafu.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo wauzaji wa magamba hawapendi yasemwe hadharani, nami nitayasema. Kauri akifa, joho huoza kwanza. Gamba linalobaki hupigwa na mchanga, jua na mawimbi, mng'ao hufifia, pete hupauka, na tabaka la juu likilika rangi ya zambarau hujitokeza. Kwa hiyo magamba yanayong'aa kama kioo, yaliyopangwa mezani kwa watalii, karibu yote yalitoka kwa wanyama waliotolewa baharini wakiwa hai, wakachemshwa au kufukiwa ili nyama iondoke. Anayesema ameyaokota mchangani anapaswa kutuonyesha yale yaliyopauka. La pili ni kwamba gamba jembamba lisilo na meno likionekana kwenye meza hiyo, basi muuzaji amevuna mtoto.

Tuingie ndani zaidi. Chini ya gamba, kauri anatembea kwa mguu mmoja mpana, ambao ni msuli mtupu. Mguu hutoa ute, na mawimbi madogo ya misuli hupita chini yake na kumsogeza. Ajabu yake ni kwamba mguu huo, ambao ukitandazwa ni mpana kama gamba lenyewe, huweza kukunjwa na kuvutwa wote ndani ya ufa mwembamba ule mliouona. Unavutwa na msuli ulioshika kwenye mhimili wa gamba, na hauwezi kuingia kwa ghafla, ndiyo maana kauri aliyeguswa huonekana akijikusanya taratibu. Konokono wengi wana kifuniko mguuni cha kuzibia mlango. Kauri mpevu hana. Alikuwa nacho alipokuwa lava tu, yaani kitoto kichanga kinachoelea majini. Amekiacha kifuniko na kuweka matumaini yake katika ufa na meno.

Kichwani ana pua fupi na papasi mbili nyembamba za kupapasia, na kwenye shina la kila papasi lipo jicho moja dogo jeusi. Macho hayo yanatofautisha mwanga na kivuli, na hilo linamtosha, maana jamii ya kauri kwa sehemu kubwa hujificha mchana na kula usiku. Juu ya kichwa hutokea mrija mfupi wenye ncha iliyochanuka, uliokunjwa na ukingo wa joho, na ndio unaoingiza maji. Maji yakishaingia hupita kwanza juu ya kiungo cha kunusia, ambacho wataalamu hukiita osfradiamu. Kwa konokono wengi kiungo hiki ni mstari au jani moja. Kwa kauri kina matawi matatu, na ni moja ya alama zinazotumiwa kuitambua familia yake hata pale gamba linapokosekana. Kutoka hapo maji huosha tamvua, kiungo cha kupumulia majini, ambalo ni moja tu, refu, lililopinda, lenye majani upande mmoja. Hewa ya oksijeni huchukuliwa, kisha maji hutoka kwa mfereji wa ncha ya nyuma. Ile mifereji miwili mnayoiona katika ncha za gamba tupu, basi, ni njia ya maji, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Damu yake huchukua oksijeni kwa protini yenye shaba, iitwayo hemosianini, badala ya ile yenye chuma iliyomo mwilini mwetu, na kwa hiyo damu hiyo huwa na rangi ya samawati hafifu ikikutana na hewa.

Walimu wa kidato cha tano watanidai nizungumzie msokoto wa mwili, na nitaugusa kwa kifupi. Kauri, kama konokono wengine, akiwa bado lava hupitia badiliko ambalo sehemu ya juu ya mwili huzunguka nyuzi 180 juu ya mguu, na chumba cha tamvua pamoja na tundu la kutolea uchafu vikaja mbele, karibu na kichwa. Msokoto huo wa mwili ni jambo tofauti na msokoto wa gamba, na wanafunzi wengi huuchanganya katika mtihani. Mkondo wa maji niliouelezea, unaoingia mbele na kutokea nyuma, ndio unaomwepusha mnyama na adha ya kujichafulia kichwa.

Chakula chake ni mwani mwembamba unaoota juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa. Ndani ya kinywa ana utepe wenye meno madogo sana, radula, na kila safu ya utepe huo ina meno saba: moja katikati na matatu kila upande. Utepe huvutwa mbele na nyuma juu ya mto wa gegedu na kukwangua mwamba. Meno ya mbele huisha makali na kudondoka, na mengine husogea kutoka nyuma kuchukua nafasi. Chakula hupita kooni, tumboni, kisha kwenye tezi kubwa ya mmeng'enyo yenye rangi ya kahawia, ambayo imejaza mizunguko ya ndani kabisa ya gamba, ile ya utotoni, pamoja na kiungo cha uzazi. Yaani vyumba vile vilivyomezwa, nilivyowaonyesha kwenye gamba lililokatwa, havikuachwa vitupu.

Jinsia ni mbili tofauti, na utungisho hufanyika ndani ya mwili. Dume ana uume nyuma ya papasi ya kulia. Jike hutaga mayai ndani ya vifuko vidogo vilivyobandikwa kwenye jiwe, kisha huyalalia, akiyafunika kwa mguu wake mpaka lava watoke na kuchukuliwa na mikondo. Naomba mama zetu mlizingatie hili, kwa maana mnalijua jiwe kuliko mimi: kauri aliyetulia chini ya jiwe, asiyetaka kuondoka hata akisukumwa, huenda yuko juu ya mayai. Jiwe lililopinduliwa likaachwa limeelekea juani hukausha vifuko hivyo pamoja na kila kilichoota upande wa chini.

Nilisema kauri ameweka matumaini katika ufa na meno. Mwanasayansi aliyetusaidia sana kulielewa jambo hilo ni Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi aliyepoteza kuona akiwa mtoto mdogo, na ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis. Amesoma magamba kwa vidole maisha yake yote. Kwa kupapasa unene, meno, midomo na makovu ya kuvunjwa na kupona, alijenga hoja kwamba maumbo mengi ya magamba ya bahari za joto ni matokeo ya vita vya muda mrefu na kaa na samaki wavunjaji. Kaa huingiza gando mdomoni mwa konokono na kuumega ukingo kipande baada ya kipande. Kwa kauri gando halipati pa kuingia, na ukingo umekunjwa ndani, haushikiki. Mgongo nao ni wa mviringo na wenye utelezi. Kinga hiyo haikamiliki, kwani kila mchokoaji wa Msimbati ameona vipande vya magamba mbele ya tundu la pweza. Pweza hubandua kwa nguvu, na ikishindikana hutoboa kitobo kidogo na kutia sumu inayolegeza misuli. Tafuteni kitobo hicho kwenye magamba yaliyomo mikononi mwenu, huenda mawili matatu yakawa nacho. Wanafunzi wafumbe macho wakati wa kutafuta.

Maumbile haya ndiyo yaliyomfanya kauri awe fedha. Kwa kuwa hukoma kurefuka, wapevu wa eneo moja huwa na ukubwa unaokaribiana; kwa kuwa gamba ni gumu, halichakai mifukoni; na kwa kuwa meno yake yamejengwa kwa ndani na nje, ni vigumu kumwiga. Afrika Magharibi ilitumia kwa karne nyingi kauri wa Maldivi, Monetaria moneta, ndugu wa karibu wa huyu wetu. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kusafirisha kwa wingi kauri pete kutoka Unguja na pwani hii kuwapeleka huko, nyumba ya biashara ya O'Swald ikiwa maarufu kati yao. Kauri pete ni mkubwa na mzito kuliko yule wa Maldivi, kwa hiyo thamani yake ilihesabiwa kuwa ndogo, na kwa jinsi alivyoingizwa kwa wingi, fedha hiyo ilizidi kushuka hadi ikaacha kutumika mbele ya sarafu. Waliomtunga katika kamba walitoboa mgongo, sehemu iliyo nyembamba kuliko nyingine. Tumbo lenye meno lingewavunjia vyuma.

Yamebaki mambo ya utaratibu. Nyote mnafahamu kwamba Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na kwamba uvunaji ndani yake hauko huru. Walimu wanaotaka vielelezo vya darasani watumie magamba yaliyopauka. Yanakatika kwa tupa sawasawa na yale mapya, na kwa somo la msokoto yanafaa zaidi kwa kuwa rangi haivurugi macho. Kusugua kufanywe kwenye maji, ili vumbi la gamba lisiingie mapafuni. Anayepindua jiwe alirudishe upande wake. Na mwanafunzi akimwona konokono mwenye umbo la pia, mdomo mwembamba ulionyooka na michoro ya kuvutia, asimtie mfukoni wala asimshike kabisa: huyo ni koni, ana jino linalochoma na sumu, na mmoja wa jamii hiyo, Conus geographus, ameua watu.

Ndugu Mwenyekiti, joho limeshapanda tena bakulini. Naomba safu ya nyuma ije kwanza, watu watano watano, na maswali nitayajibu hapa hapa mezani.